Kigego wa Vuga na Tuzo za Njozi za Televisheni

Mwezi wa Agosti, 1970, wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi kutoka nchi mbalimbali walikutanika mjini Heidelberg, katika Ujerumani ya Magharibi ya siku zile, kutoa tuzo zao za kila mwaka ziitwazo Hugo. Tuzo hizo zilianza mwaka 1953, na miongoni mwake imo moja ya mchezo bora wa sinema au televisheni. Mchezo wa televisheni wa The Twilight Zone uliwahi kuitwaa mara tatu mfululizo, 1960, 1961 na 1962; na ule wa Star Trek uliitwaa 1967 na 1968. Mwaka huo wa 1970 michezo kadha ya kubuni ilikuwa imependekezwa. Wapiga kura wakaiacha yote kando, wakaitoa tuzo kwa matangazo ya televisheni ya safari ya Apollo 11: habari za kweli, za watu wa kweli, walioukanyaga mwezi Julai, 1969.

Kwa mtazamo wa haraka uamuzi huo waweza kudhaniwa kuwa ni mzaha, au dalili ya watu waliokwisha kupotewa na tofauti baina ya la kweli na la kubuni. Kinyume chake ndicho sahihi. Watu wale walikuwa wamezoea kwa miaka mingi kusoma na kutazama mambo yanayoanza kwa neno "tuseme": tuseme mtu amefika mwezini, tuseme mashine imepata akili, tuseme maji yamekwisha duniani. Kwa kuwa waliijua barabara mipaka ya "tuseme", siku ambayo jambo moja liliuvuka mpaka huo na kuwa "ndivyo ilivyo" walilitambua mara moja, wakalishangilia. Asiyejua mpaka ulipo hawezi kushangilia uvukaji wake.

Mpaka huo unastahili kuangaliwa sana wakati huu ambapo tuzo za filamu na televisheni zinaongezeka katika Afrika ya Mashariki. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar limekuwa likitoa Jahazi la Dhahabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kenya ina tuzo za Kalasha tangu 2009. Bodi ya Filamu Tanzania ina tuzo zake tangu 2021. Na kwa upande wa vitabu, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili, 2023. Yamkini haitachukua muda kabla mtu hajapendekeza tuzo mahsusi kwa michezo ya njozi na ya kubuni ya kisayansi, na pendekezo hilo litakuwa jema. Walakini, kabla kombe halijachongwa, hapana budi iamuliwe ni kitu gani hasa kitakachotuzwa. Nchini Tanzania swali hilo si la wasanii peke yao. Linawahusu wanasayansi pia, na linahusu uhai wa watu.

Jina bila sentensi

Miezi minne baada ya mkutano wa Heidelberg, tarehe 12 Desemba, 1970, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na satelaiti ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake ilizaa orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo, na vipimo vyake vya kitu kiitwacho Cygnus X-1 vikawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba mashimo meusi yapo kweli, wala si hesabu za karatasini tu. Riccardo Giacconi, mkuu wa wanasayansi wa kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Neno hilo hilo lilikuwa limekwisha kutangulia angani kwa njia ya mchezo. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa Marekani Septemba, 1966, mmoja wa maofisa wa chombo alikuwa mwanamke wa Kiafrika, Luteni Uhura, jina lililoundwa kutokana na uhuru wa Kiswahili. Katika kipindi cha kwanza kabisa kutangazwa, kiumbe mwenye kujigeuza sura anamwendea kwa umbo la mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alipewa kazi na shirika la NASA mwaka 1977 ya kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga. Dokta Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kwenda angani, aliyesafiri Septemba 1992, amesema hadharani kwamba mchezo ule ulimvuta tangu utotoni. Na mwaka 1993 yeye mwenyewe aliigiza katika kipindi kimojawapo cha mchezo uliourithi. Hivyo njozi ilimwita mtu, mtu akaenda kweli, kisha akarudi kuitembelea njozi.

Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya dakika 21 iitwayo Pumzi. Inasimulia jamii inayoishi ndani ya majengo yaliyofungwa, miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji, ambamo jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Humo mtunza makumbusho aitwaye Asha anapokea udongo usio wa kawaida, akaupandia mbegu, nayo ikachipua. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Sundance 2010, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya filamu fupi bora katika tamasha la filamu huru la Cannes. Mwaka 2023 kampuni ya Disney ilitoa mkusanyo wa katuni kumi za Kiafrika juu ya nyakati zijazo, ukiitwa Kizazi Moto, na ndani yake zimo kazi za Mganda Raymond Malinga na Mkenya Ng'endo Mukii.

Uhura, Uhuru, Pumzi, Kizazi Moto. Msomaji hatakosa kuona kwamba Kiswahili kinaombwa majina, hakiombwi sentensi. Kibandiko cha nje ni cha Kiswahili, na mazungumzo ya ndani ni ya Kiingereza, yote au sehemu kubwa. Jina ni kama ungo, jirani huliazima akapepeta kisha akalirudisha. Sentensi humtaka mwenyewe aje kupepeta. Na ni katika sentensi kwamba sayansi huingia akilini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, yenye mamia ya istilahi zilizotafutwa kwa jasho. Nyingi zimelala humo hadi leo, kwa kuwa hakuna mhusika aliyepata kuzitamka akiwa na hofu, hasira au mapenzi. Neno la kisayansi huanza kuwa la watu pale nahodha wa chombo anapolipigia kelele injini zikizima.

Wala si kweli kwamba lugha hii haina kazi za namna hiyo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alitoa Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi iliyo angani inayotuma wajumbe pande zote sita za ulimwengu na kuwafunga wanaporudi na maarifa. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa pwani ya Kenya, alitoa Walenisi mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kufa anatiwa katika chombo kirukacho, badala ya kufa akafika katika sayari nyingine yenye utaratibu wa haki kuliko aliouacha. Kazi zote mbili zingeweza kuigizwa kwa televisheni bila kugeuzwa sana. Kwa maandishi, basi, mlango ulifunguliwa zamani.

Macho mekundu

Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1974, na ya rangi. Bara ilingoja hadi 1994. Katika ile miaka ishirini baina ya tarehe hizo, na hata baadaye katika vijiji vingi vya milimani ambako umeme ulichelewa, njozi zilizoonekana kwa macho zilikuja kwa njia ya mikanda ya video, kisha santuri, na sasa simu za mkononi. Zilizoenea kuliko zote, kutoka Nigeria na baadaye kutoka Dar es Salaam kwenyewe, zilikuwa na uchawi kama kiini chake: mama mkwe anayeruka usiku, mzee anayemlisha mtu jina, tajiri mwenye chatu chumbani.

Hapana sababu ya kuzidharau filamu hizo. Zimetengenezwa kwa fedha kidogo na kwa bidii nyingi, na zimewapa maelfu ya vijana ajira ambayo hakuna wizara iliyowaandalia. Hata hivyo, nyingi kati yake zina kasoro moja ambayo waamuzi wa tuzo yoyote hawana budi kuitazama: hazisemi "tuseme". Zinasema "ndivyo ilivyo, nawe mtazame jirani yako". Mchawi wa filamu hizo aghalabu ni kikongwe, ni mjane, ana macho mekundu.

Macho mekundu ya kikongwe yana sababu inayojulikana. Mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dohani, kwa kuni mbichi, mabua au samadi kavu ya ng'ombe, ameyaweka macho yake katika moshi kila siku ya maisha yake. Moshi huo huwasha utando wa jicho, mishipa midogo ya damu ikavimba, na wekundu ukabaki. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa ajili ya wekundu huo. Vivyo hivyo kwa watu wenye ualbino. Ualbino hutokea mtoto anaporithi kutoka kwa baba na kwa mama jeni isiyoweza kutengeneza rangi ya mwili iitwayo melanini. Wazazi wote wawili waweza kuwa na rangi ya kawaida kabisa, na kila mimba yao ikawa na nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto wa namna hiyo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba nchini Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Tangu miaka ya 2000 wengi wao wameuawa au kukatwa viungo kwa ajili ya biashara ya waganga. Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi Januari, 2009, na Januari, 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Hata sasa neno "ramli chonganishi" halijatoka magazetini.

Filamu haishiki panga. Lakini filamu inayomwonyesha kikongwe mwenye macho mekundu, kisha mwishoni ikathibitisha kwamba kweli alikuwa mchawi, imefanya kazi ile ile ya mpiga ramli, tena mbele ya watazamaji wengi zaidi na bila kulipwa kuku. Kuivika nishani kwa sababu picha zake ni safi na mchawi wake anaruka vizuri ni kosa ambalo hakuna hotuba ya mgeni rasmi itakayolifuta.

Mtoto aliyeota meno ya juu

Wapo watakaouliza, kwa haki kabisa, kama basi njozi zote za jadi zitupwe, tubaki na roketi na mashine. Jibu la swali hilo liko Vuga.

Vuga ni mji mdogo juu ya mgongo wa Usambara Magharibi, si mbali na Soni, katika barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Anayepita leo ataona migomba, mashamba ya mboga yaliyoning'inia mteremkoni na watoto wa shule katika ukungu wa asubuhi. Wengine wanaikumbuka kwa kiwanda cha uchapaji cha Walutheri, kilichochapa vitabu vingi vya Kiswahili. Lakini kabla ya hapo Vuga ilikuwa makao makuu ya watawala wa Kilindi, ambao dola yao ya Shambaai ilifikia kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, na ambao cheo chao kilikoma kisheria mwaka 1963, machifu walipoondolewa Tanganyika nzima.

Habari za mwanzo wa ukoo huo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa na wamisionari wa Kiingereza kwa sehemu sehemu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa upya mwaka 1962. Mwanzilishi ni Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu. Na jambo la kwanza muhimu linalosemwa juu ya Mbega ni kwamba alikuwa kigego: meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini.

Msomaji wa siku hizi anaweza kulipita neno hilo upesi. Asilipite. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtoto kigego alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo wake, na wengi waliuawa wakiwa wachanga au walitupwa porini. Kwa upande wa elimu ya mwili, hakuna cha kueleza ila hiki. Meno ya mbele ya chini kwa kawaida huchomoza mtoto akiwa na umri wa baina ya miezi sita na kumi, na ya juu baina ya miezi minane na kumi na miwili. Vipindi hivyo viwili, kama inavyoonekana kwa hesabu tu, vinapishana kwa miezi miwili. Kwa hiyo miongoni mwa watoto wengi lazima watapatikana wachache ambao jino la juu linatangulia, na watoto hao hawana ugonjwa wala tofauti nyingine yoyote. Watoto wameuawa kwa ajili ya miezi miwili ya kupishana.

Sasa itazamwe hadithi inavyolichukua jambo hili, maana hapo ndipo ustadi wake ulipo. Haibishani na imani. Inairuhusu iseme yote. Ndugu zake Mbega wanamnyima urithi kwa sababu ya ukigego. Anakimbilia Kilindi, anapendwa, kisha mtoto wa mtawala anafuatana naye mawindoni na kufa huko. Msikilizaji wa zamani bila shaka alitikisa kichwa na kusema, mkosi umemfuata. Mbega anakimbia tena, anaingia milima ya Usambara na mbwa wake, mtu wa porini anayekula nyama. Anawagawia Wasambaa nyama nao wanampa vyakula vya shamba. Anamwua simba. Watu wanamwomba awe mtawala wao, na cheo cha watawala wote wa Vuga baada yake kikawa Simba Mwene. Dola nzima, na karne mbili za historia yake, zinasimama juu ya mtoto ambaye, kwa desturi, hakupasa kuishi hata mwaka.

Hiyo ni njozi kwa maana kamili. Hakuna anayehitaji kuamini kwamba kila tendo la Mbega lilitokea kama lilivyosimuliwa. Wanahistoria waliozikusanya masimulizi ya Wasambaa wameonyesha jinsi yanavyotofautiana, na jinsi yanavyojengwa kwa jozi: pori na shamba, nyama na ndizi, mgeni na mwenyeji. Ni hadithi inayosema: tuseme mmoja wa hao mnaowatupa angeachwa aishi. Filamu ya mchawi mwenye macho mekundu inatumia ishara ya mwilini ili kumfungia mtu mlango. Hadithi ya Vuga inaitumia ishara hiyo hiyo ili kuufungua. Zote mbili zina ajabu, zote mbili zimetoka katika imani za jadi, na kama tuzo itaangalia "asili ya Kiafrika" peke yake, zitapata maksi sawa. Upungufu wa vigezo vya namna hiyo hauhitaji maelezo zaidi.

Mvua ya wawili

Vuga ina hazina nyingine, na hii ingewafaa zaidi wale wanaotaka njozi za kisayansi zenye kutazama mbele. Watawala wa Kilindi walihesabiwa kuwa na uganga wa mvua. Wasambaa walikuwa na maneno mawili juu ya kazi ya mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi huponywa pale nguvu inapokuwa moja. Wakitokea wawili wenye nguvu sawa wakashindana, kila mmoja na dawa zake, mvua hukatika na njaa huingia.

Mtaalamu wa hali ya hewa atasema, na atasema kweli, kwamba mvua ya Usambara haina habari na wafalme. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, zinapanda ukuta wa milima, zinapoa, na mvuke unageuka mvua. Ndiyo maana Mombo chini pana joto na ukame ilhali Vuga juu pana ukungu. Hata hivyo fikra ya Wasambaa haikuwa upuuzi. Baada ya kifo cha Kimweri mwaka 1862 warithi walipigana kwa miaka mingi, watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani Pangani, na katika vita kulima si rahisi. Wawili waliposhindana, njaa ilikuja kweli. Walikosea juu ya mawingu, wakapatia juu ya siasa.

Mwandishi mwenye kipaji angeweza kufanya nini na jambo hilo? Tuseme mwaka 2090 zipo mashine za kuvuta mvua, na mamlaka mbili, moja ya milimani na nyingine ya nyanda za Mombo, kila moja ina yake. Tuseme sheria za fizikia zimeachwa kama zilivyo: wingu likinyonywa upande mmoja, upande wa pili haulipati. Mchezo wa namna hiyo ungehitaji mtaalamu wa hali ya hewa wa kuulizwa, mzee wa Kisambaa wa kuulizwa, na Kiswahili cha kutosha kwa mabishano makali juu ya unyevu, shinikizo la hewa na haki. Pumzi imekwisha kuonyesha kwamba dakika 21 na udongo kidogo vinatosha kumshika mtazamaji.

Kigezo cha kutuzia

Kutokana na hayo, inafaa tuzo ya njozi, popote itakapoanzishwa, isimamie kigezo kimoja kabla ya vyote: je, kazi hii inamjulisha mtazamaji kwamba ni "tuseme", na je, ikiisha kuweka sheria za ulimwengu wake, inazitii? Kazi inayotaka watu waruke iwaachie waruke, ila iamue kuruka kunagharimu nini, na gharama hiyo ilipwe hadi mwisho. Kinachochosha katika njozi dhaifu ni kwamba mganga ana uwezo wote katika onyesho la kumi na hana hata mmoja katika la kumi na moja, kwa kadiri mtunzi anavyobanwa.

Wanasayansi wasiufanye uamuzi kuwa mtihani wa fizikia. Kosa hilo ni la kawaida kwa wasomi na limeua michezo mingi mizuri. Kepler aliandika hadithi ya safari ya mwezini, iliyochapwa 1634 baada ya kifo chake, na akatia mapepo ndani yake kuwa ndiyo yanayombeba msafiri. Hakuna aliyemvua unajimu kwa ajili hiyo. Tsiolkovsky, ambaye mlingano wake wa roketi wa mwaka 1903 unatumika hadi leo, alianza kwa kuvutwa na hadithi za Jules Verne. Kiti kimoja cha mwanasayansi katika baraza la waamuzi kinatosha, na kazi yake iwe kusema wapi hadithi inavunja sheria iliyojiwekea yenyewe, na wapi inamtia mtu halisi hatarini kwa alama ya mwili wake. Kwa jambo hili la pili apewe sauti ya kuzuia. Kazi inayothibitisha kwamba macho mekundu, ngozi isiyo na rangi au jino la juu ni ushahidi dhidi ya mtu, isifike hatua ya mwisho, hata ikiwa imepigwa picha kwa ustadi wa namna gani.

Kiti kingine apewe mtu wa mahali hadithi ilikotoka. Filamu juu ya Mbega isihukumiwe Dar es Salaam bila Msambaa hata mmoja aliyeisikia kwa bibi yake. Tuzo za Hugo huamuliwa kwa kura za wanachama wa mkutano wao wa kila mwaka. Tuzo za Saturn za Marekani hutolewa na chuo maalumu cha wapenzi wa aina hiyo ya kazi. Njia zote mbili zina matatizo yake ya kupendeleana, na si lazima mojawapo inakiliwe.

Pingamizi la fedha litakuja, kama linavyokuja daima. Vifaa vya maabara havitoshi, litasema, na hapa panazungumzwa vikombe. Lakini gharama ya tuzo ni ndogo mno kulinganisha na gharama ya michezo yenyewe, ambayo inatengenezwa hata sasa, iwe na tuzo au isiwe nayo. Tuzo haileti filamu. Inazielekeza zile zinazokuja.

Mashindano ya mwanzo yaweza kuwekewa masharti mepesi: kazi isizidi nusu saa, mazungumzo yawe ya Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na maombi yapokewe kutoka shule za sekondari na vyuo vilevile kama kutoka kampuni. Hapo filamu ya Mbega ikiletwa, labda na wanafunzi wa Lushoto wenyewe, waamuzi watakuwa na mahali pa kuanzia kuitazama. Watalitafuta lile onyesho ambamo jino la juu linachomoza, waone kama kamera imemkazia macho mtoto au imewageukia wazee waliomzunguka.